Muuguzi wa gereza aliyekataa kumvua nguo mahabusu mara ya pili

Mpanda. Ni saa moja na nusu asubuhi, kata ya Mwamkulu. Kwenye benchi la zahanati ya parokia wameshakaa wanawake wanne na mzee mmoja mwenye kikohozi. Emerensiana Kasimiri anafungua chumba cha kuonea wagonjwa, anafagia, anapanga glovu na pamba mezani, kisha anatoka nje kuwasalimia mmoja mmoja.

Haiti mtu kwa sauti. Anamfuata pale alipokaa, anainama mpaka kichwa chake kinafika usawa wa sikio la mgonjwa. "Unaumwa nini, mdogo wangu? Au tukaongelee ndani?"

Mwanamke wa kwanza anasema ndani. Mlango unafungwa. Zinapita dakika kumi, zinafika kumi na tano. Mzee mwenye kikohozi anaanza kunung'unika kwamba nesi huyu ni mzuri, lakini foleni yake haisogei.

"Wananilalamikia kila siku," anasema Emerensiana baadaye, akinawa mikono. "Wanasema kwingine unaeleza shida yako dirishani, dakika mbili umeshapewa dawa. Mimi siwezi tena. Nilishawahi kumshughulikia mtu mlango ukiwa wazi. Mpaka leo namwona."

Mtu huyo alikuwa mahabusu. Alizaliwa na mwili wa kike, ila tangu akiwa mtoto mdogo alijijua kuwa ni mwanaume na ameishi hivyo ukubwani mwake. Katika simulizi hii ataitwa Egide, jina alilolichagua mwenyewe kwa ajili ya gazeti. Kazi yake ni ufundi wa pikipiki. Mtaa anaoishi hautatajwa, kwa sababu majirani wanamfahamu kama fundi wao tu na yeye anataka ibaki hivyo.

"Sikutaka niandikwe," anasema Egide, mwenye miaka 34. "Nimekubali kwa sababu ya huyu mama. Wengine wenye kazi kama yake wajue kilichotokea."

Emerensiana, miaka 62, ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa upande wa Mpimbwe. Alisoma uuguzi kwa masista, na alipofika miaka 26 akaajiriwa na Magereza. Amehama vituo vinne. Kituo chake cha mwisho kilikuwa gereza moja mkoani Katavi, alikostaafu miaka miwili iliyopita. Gereza hilo pia halitatajwa.

Kwa miaka 34 amezalisha wafungwa, ameshona majeraha ya mapanga, amewafumba macho waliofariki. Anasema alidhani hakuna mwili wa binadamu utakaomshangaza tena.

Ilikuwa Jumatatu moja ya Februari 2021. Gari la polisi lilileta mahabusu tisa kutoka mahakamani, wanane wakiwa wamefungwa pingu wawili wawili na wa tisa peke yake. Aliyekuwa zamu ya upekuzi ni Koplo Aloyce, askari ambaye Emerensiana anamweleza kama mtu wa maneno machache na hasira za karibu.

Mahabusu mmoja alikataa kuvua shati. Aloyce alipomshika begani aliona bandeji imezungushwa kifuani, tabaka juu ya tabaka. Akadhani ni bangi. Alianza kuifungua, kisha akasimama.

"Nilifunga shati lake haraka kama mtu aliyeungua," anakumbuka Aloyce, ambaye bado yuko kazini na ameomba litumike jina hilo moja tu. "Nikamwita Mama Respicius. Nikamwambia, 'Mama, njoo, hapa kuna kitu sikielewi.'"

Mama Respicius ndilo jina la Emerensiana gerezani, kwa mtoto wake wa kwanza. Alipofika mapokezi alikuta askari watano wamejaa chumbani na wengine dirishani. Mkuu wa gereza alikuwepo. Amri ilikuwa fupi: hakikisha huyu ni nini.

Akavaa glovu, akamvua mahabusu nguo zote mbele ya watu hao, akamkagua. Mlango haukufungwa. Kazi yote, anasema, haikufika dakika nne.

"Hakulia. Alikuwa anatazama kalenda ukutani kama mtu anayesoma," anasema. "Nikaandika KE kwenye daftari. Na chini ya ile bandeji niliona vidonda, ngozi imeoza kwa jasho na kubanwa. Mimi nesi, nimeona vidonda kwa macho yangu. Sikuvisafisha. Nilivua glovu nikaondoka."

Nje mzee anakohoa.

"Hilo ndilo nililomkosea. Amri ningeweza kusema nililazimishwa. Vidonda hakuna aliyenilazimisha kuviacha."

Kosa la Egide lilikuwa kitambulisho.

Alizaliwa Katumba, makazi ambayo familia nyingi zenye asili ya Burundi zimekaa miongo kadhaa. Mama yake, Libérate, alilea watoto watano kwa muhogo na mahindi. Egide anasema alianza kukataa gauni la kanisani akiwa na miaka sita, na akawa anachapwa kila Jumapili kabla ya misa. Akiwa na miaka 19 aliondoka nyumbani kwenda machimbo ya dhahabu, alikonyoa nywele, akafunga kifua kwa bandeji na kujitambulisha kama mwanaume.

"Machimboni hawakuulizi ulikotoka," anasema. "Wanaangalia unabeba mifuko mingapi."

Alirudi Katumba mara moja, familia yake ilipopata uraia wa Tanzania na kuitwa kwenda kupigwa picha za vitambulisho. Mama yake alimfunga kitenge kichwani. Kadi ilipotoka ilikuwa na picha ya msichana mwenye kitenge na jina la msichana.

Kwa nini hakuitupa? Egide anacheka kidogo, mara ya kwanza katika mazungumzo yetu.

"Wewe umezaliwa una nchi, hutaelewa. Ile kadi ndiyo inasema mimi ni Mtanzania. Babu yangu amekufa anaitwa mkimbizi. Nikiitupa kadi nabaki na nini? Nilikuwa naivaa shingoni, ndani ya bandeji."

Miaka ilipita. Alijifunza ufundi, akanunua pikipiki iliyotumika. Siku moja alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, akapekuliwa, na kadi ikaonekana. Askari walitazama picha, wakamtazama fundi mwenye kofia na mikono ya grisi, wakauliza kadi ya nani.

Egide anasema aliona njia mbili na zote mbaya. Akisema, "Ni yangu," itabidi athibitishe kwa mwili wake pale barabarani. Akasema, "Ni ya dada yangu." Walipompigia simu mwenyekiti wa kijiji chake kuulizia, mwenyekiti akasema binti mwenye jina lile hajaonekana miaka mingi. Mambo yakageuka. Sasa walitaka kujua binti yuko wapi.

Akafikishwa mahakamani kwa kupatikana na kitambulisho cha mtu mwingine, huku polisi wakiendelea kumchunguza kwa kupotea kwa binti ambaye ni yeye mwenyewe. Hakuwa na wa kumdhamini. Akapelekwa mahabusu.

Baada ya ule ukaguzi wa mapokezi, gereza lilikuwa na tatizo jingine: alale wapi? Upande wa wanaume mkuu wa gereza alikataa, akihofia atadhuriwa. Upande wa wanawake, wafungwa walipomwona akiingia na ndevu chache kidevuni walikimbilia kwenye kona ya bweni na kupiga kelele. Jioni hiyo alifungiwa kwenye chumba kilichokuwa kikiwekwa majembe na ndoo za bustani, akaambiwa ni kwa usalama wake.

Kilikuwa na dirisha moja la ukubwa wa tofali. Alikaa humo siku kumi na tisa.

"Mfungwa aliyeua alikuwa anaota jua, anacheza bao," anasema Emerensiana. "Huyu hajahukumiwa hata na mahakama, na yuko peke yake kwenye stoo. Tulikuwa tunasema tunamlinda. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo."

Katika siku hizo hakukanyaga stoo. Anakiri alikuwa anakwepa. Akipita karibu na bustani alikuwa anazunguka njia ya jikoni.

Aliyemtoa kwenye kukwepa ni Aloyce, ambaye alikuwa anapeleka chakula. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa alikuja zahanati ya gereza akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama Respicius, yule mtu sahani zinarudi zimejaa," alisema. "Maji nayo hanywi. Na mle ndani kunanuka damu."

Emerensiana alichukua ufunguo akaenda peke yake. Egide alikuwa amelala ubavu, ameegemea ukuta, midomo imekuwa myeupe. Alikuwa akivuja damu ya hedhi kwa siku kumi na moja mfululizo, akijifuta kwa vipande vya blanketi alivyovichana, na kuvifukia kwenye kona yenye udongo. Alikuwa ameacha kula na kunywa ili asilazimike kuomba kupelekwa chooni, kwa sababu kila akipelekwa askari walikuwa wanasimama kumwangalia.

Nesi huyo alikaa chini sakafuni. Wote wawili wanayakumbuka maneno waliyosema, na walipoyarudia mbele yetu kwa nyakati tofauti hayakupishana sana.

"Naomba unisamehe kwa siku ile," alisema Emerensiana.

Egide alimgeukia. Akauliza, "Afande, ukiniangalia utaita watu?"

"Siiti mtu."

"Mlango utafungwa?"

"Utafungwa. Nitakuwa ndani mimi na wewe, hakuna mwingine."

"Basi niletee maji ya kunywa."

Kipimo cha damu kilisoma 4.8, chini ya nusu ya kiwango cha mtu mwenye afya. Emerensiana alienda ofisini kwa mkuu wa gereza na kumwambia kwamba mahabusu asipofika hospitali mchana huo, kesho yake wataandika taarifa ya kifo. Karandinga la gereza likatoka.

Hospitalini yalianza upya. Faili lilisema KE, kwa hiyo wodi ya wanaume haikumpokea. Wodi ya wanawake wagonjwa waliona mwanaume mwenye pingu wakagoma. Mmoja aliyekuwa na kichanga alibeba mtoto wake akatoka nje. Kitanda kikawekwa koridoni, mkono mmoja wa mgonjwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na kila anayepita anageuza shingo.

Damu yake ni kundi O. Siku ile hapakuwa na chupa hata moja ya kundi hilo. Emerensiana ni kundi A, hakuweza kumpa. Alikuwa bado anapiga simu kutafuta ndugu, ndipo Aloyce, aliyekuwa analinda kitanda, akakunja mkono wa shati.

"Mimi ni O," alisema. "Chukueni kabla sijabadili mawazo."

Tulimuuliza Aloyce kwa nini. Alijikuna shingo. "Mimi ndiye niliyefungua ile bandeji. Nilikuwa na dada yangu aliyekufa kwa kuishiwa damu kwenye uzazi. Basi. Sina maelezo mengine."

Chupa ya pili ilipatikana kesho yake. Kipimo cha picha kilionyesha uvimbe kwenye kizazi, mkubwa kama chungwa. Daktari alimpa dawa za kuzuia damu na za kuongeza damu, akaandika kwamba upasuaji utahitajika siku za mbele. Siku ya nne wakarudi gerezani.

Safari hii Emerensiana alimwomba mkuu wa gereza asimrudishe stoo. Zahanati ya gereza ilikuwa na chumba kidogo cha kupumzishia wagonjwa, chenye choo chake. Mkuu akakubali, kwa sharti kwamba chochote kikitokea ni juu yake nesi.

Ndipo akaanza kazi ambayo anasema alipaswa kuianza siku ya kwanza. Kila asubuhi alisafisha vile vidonda vya kifuani. Bandeji aliikataa, lakini aliona mgonjwa wake hawezi kutoka nje hata hatua moja bila kubana kifua. Akaenda kwa wafungwa wanawake wanaoshona sare, akawapa vipimo na kuwaomba fulana mbili za pamba zinazobana, zisizo na mshono mbele. Hakuwaambia ni za nani. Walizishona siku moja.

"Alipovaa ile fulana alisimama wima," anasema. "Nilikuwa sijawahi kumwona amesimama wima."

Egide alimuuliza pia kuhusu sindano za homoni. Alishawahi kuchomwa mbili machimboni, na mtu aliyezileta kutoka mbali, kisha zikakosekana. Alitaka kujua kama ni kweli zinafanya ndevu ziote, na kama ndizo zilizomletea uvimbe. Emerensiana alimwambia hajui. Shuleni kwake hakufundishwa, kwenye semina zote za Magereza hakusikia. Alimpigia daktari mmoja aliyewahi kufanya naye kazi Mbeya, akaandika majibu kwenye karatasi na kumsomea. Alimshauri asichome chochote ambacho hakijaandikwa na daktari.

"Aliniambia 'sijui'," anasema Egide. "Watu wengine wote walikuwa wanajua. Polisi wanajua, askari wanajua, majirani wanajua mimi ni nini. Yeye akasema sijui, ngoja niulize."

Taratibu Egide alianza kutoka. Alitengeneza jenereta ya gereza iliyokuwa imelala miezi. Askari waliokuwa wakimsimanga walianza kumletea pikipiki zao.

Kisha wakaja wageni. Wiki tano baada ya hospitali, maofisa watatu kutoka kituo kingine walikuja kukagua gereza. Walipomaliza chakula, mmoja akasema amesikia hapa kuna maajabu, angependa kuyaona. Mkuu wa gereza akamtuma mtu amwite nesi amlete mahabusu, amvue.

Emerensiana alienda ofisini mikono mitupu.

"Mama, waonyeshe wageni," mkuu alimwambia.

"Ni mgonjwa wangu, afande. Wakitaka taarifa nitaandika. Kumvua simvui."

"Hiyo ni amri."

"Nimeielewa, afande. Simvui."

Alibaki amesimama, ameshika kiti. Wageni walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka. Mmoja akaangalia saa. Mkuu wa gereza akamwambia atoke, na kesho yake alipokea barua ya kutakiwa kujieleza kwa kukaidi amri halali.

Alijieleza kwa ukurasa mmoja. Aliandika kwamba mara ya kwanza alitii na akakosea, na kwamba hakuna tiba iliyotaka mgonjwa huyo avuliwe mbele ya watu. Hakufukuzwa. Lakini jina lake liliondoka kwenye orodha ya kupandishwa cheo, na alistaafu na cheo kilekile alichokuwa nacho siku hiyo.

Tulimpigia simu aliyekuwa mkuu wa gereza, ambaye naye amestaafu. Alisema, "Nakumbuka. Sina la kuongeza," na kukata.

Ilibaki kesi. Ilikuwa imeahirishwa mara sita. Emerensiana aliona kwamba cheti kimoja cha daktari kinaweza kuimaliza, maana mwenye kadi na aliyepatikana na kadi ni mtu mmoja. Lakini cheti hicho kikisomwa mahakamani, mji mzima utajua. Alimweleza Egide yote mawili na kumwachia aamue.

Egide alikataa. Wiki mbili baadaye akauliza kama kuna namna hakimu asome mwenyewe bila kusoma kwa sauti. Emerensiana aliandika barua, daktari akaandika cheti, mkuu wa gereza akaipitisha barua. Hakimu alikubali kuisikiliza kesi chemba, watu wakiwa wametolewa.

Shahidi pekee aliyehitajika alikuwa mama. Emerensiana alipanda gari mpaka Katumba kumtafuta, bila kujua atapokelewaje. Libérate alimsikiliza akiwa anamenya muhogo. Alipomaliza kusikiliza aliingia ndani, akabadili kitenge, akasema twende.

Huko chemba, hakimu alimwonyesha kadi, kisha akamwonyesha mtu aliyesimama mbele yake akiwa na fulana na suruali.

"Mama, huyu unamfahamu?"

"Ni umwana wanje," alisema Libérate kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, "Ni mwanangu. Nimemzaa mimi, kadi ni ya kwake."

"Kwa hiyo ni binti yako?"

"Nimesema ni mwanangu, mheshimiwa."

Hakimu hakuuliza tena. Mwendesha mashtaka aliondoa shtaka siku hiyohiyo. Egide alikuwa amekaa gerezani miezi mitano na siku tatu kwa kuwa na kitambulisho chake mwenyewe.

Miaka miwili iliyofuata, kabla ya kustaafu, Emerensiana alikutana na wengine wawili. Mmoja alikuwa mfungwa aliyezaliwa na mwili wa kiume na anayeishi kama mwanamke, akiwa upande wa wanaume. Alikuwa ameacha dawa zake za virusi vya Ukimwi kwa sababu foleni ya dawa ilikuwa ndiyo mahali pa kushikwashikwa na kutukanwa. Emerensiana alimpangia saa yake peke yake, baada ya wote kuondoka. Ndani ya miezi mitatu uzito ulianza kurudi.

"Sikufanya kitu kikubwa," anasema. "Nilibadilisha saa. Ila mpaka nije kubadilisha saa ilibidi kwanza mtu mwingine akaribie kufa kwenye stoo. Hapo ndipo pananiuma."

Anataka waajiriwa wapya wa Magereza wafundishwe mambo anayosema yeye aliyajua kwa kuumiza mtu: mapokezi yawe na chumba kinachofungwa, mahabusu aulizwe faraghani atakuwa salama wapi, mgonjwa asiwekwe peke yake ikaitwa ulinzi. Ameshazungumza mara mbili na wanafunzi wa uuguzi mjini. Mmoja alimuuliza aandike nini kwenye faili, ME au KE. Alimjibu aandike ugonjwa kwanza, mengine amuulize mgonjwa.

"Kiswahili chetu kinatusaidia," anasema. "Kinasema yeye. Mimi nilikuwa naandika, 'yeye ameamka vizuri, yeye amekula.' Inatosha kumtibia mtu."

Ule uvimbe umekua. Mwezi uliopita Egide alianguka akiwa kazini, na daktari amesema upasuaji usisubiri tena. Kitanda kimepatikana Mbeya. Wanaondoka Jumatatu kwa basi, Egide, mama yake na Emerensiana, aliyeomba ruhusa ya wiki tatu zahanati.

Amempigia muuguzi mkuu wa wodi kumweleza mapema. Alijibiwa, njooni tu, tutaona.

"Hiyo 'tutaona' ndiyo inayoninyima raha," anasema. "Wodi ya wanaume wakikataa na ya wanawake wakikataa, nitatandika kitenge changu koridoni tukae wote mpaka daktari apite. Nimeshazeeka, hawatanibeba."

Egide ana mipango ya baada ya hapo. Anataka kukodi fremu yenye mlango wa chuma, aandike jina lake kwa rangi, afundishe vijana wawili ufundi. Anataka siku moja aende ofisi ya vitambulisho na kuuliza kama picha inaweza kubadilishwa, walau picha. Lakini usingizi wa upasuaji anauogopa, na wiki hii alimwomba Emerensiana kitu kimoja: asiporudi, asizikwe kwa jina la kwenye kadi.

Emerensiana anavaa glovu mpya. Mzee mwenye kikohozi ndiye anayefuata, na tayari amesimama.

"Nimemwambia atarudi," anasema. "Ila jina nitaliandika kwenye karatasi na kulibandika mbele ya faili kabla hawajamwingiza. Halafu nitakaa pale mlangoni. Wakimtoa, akianza kufumbua macho, nataka kitu cha kwanza atakachosikia kiwe mtu anamwita kwa jina lake."